Tuliwalisha Maneno

Mwezi uliopita nilifungua sanduku la bati nililohama nalo kutoka Masasi, nikitafuta hati ya kiwanja. Hati sikuipata. Nilichokipata ni kaunta buku langu la zamani, mgongo mwekundu, panya wamekwishaanza kulila pembeni, lakini wino wa bluu bado unasomeka. Nikavaa miwani, nikakaa kizingitini, nikasoma mahojiano niliyomfanyia mtoto wa miaka tisa, siku ya soko, kule Newala, katikati ya miaka ya tisini.

Mimi: Alikuita ndani, siyo?
Mtoto: Ndiyo.
Mimi: Ukaingia, akafunga mlango?
Mtoto: Ndiyo.
Mimi: Ukaogopa kupiga kelele kwa sababu alikutisha?
Mtoto: Ndiyo.

Nikahesabu mistari. Yangu 38. Ya mtoto 11, na kati ya hiyo minane ni “ndiyo” tupu. Chini yake nimepiga mstari kwa rula na kuandika kwa majivuno ya ujana: “Mtoto ametoa maelezo kwa ufasaha.” Nani alitoa maelezo? Mimi. Mtoto aliitikia tu, kama waumini wanavyoitikia amina.

Wala msidhani alikuwa mwongo. Mtoto wa Kimakonde, wa Kimakua au wa Kiyao, kama alivyo mtoto wa mahali pengi nchini kwetu, hufundishwa mapema kwamba mkubwa akisema, wewe itikia. Humkatizi, humsahihishi, na macho unayainamisha. Siku ile ningemwambia kwamba mtu yule alivaa kofia ya kijani na alikuja na baiskeli, angesema ndiyo, na mimi ningeandika kofia ya kijani. Na macho yale yale aliyoyainamisha kwa heshima, nimewahi kusikia askari mgeni akiyasoma vingine: “Huyu haniangalii usoni, anadanganya.”

Niliripoti Masasi mwaka 1993, afisa ustawi wa jamii mpya, begi moja na jiko la mchina. Enzi hizo Kusini ilikuwa kama kisiwa. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, masika ikishika, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kumwachia Mungu. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe vilivyojikalia kama tembo waliolala. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika miguuni mwako na unaliona bonde la Ruvuma hadi ng’ambo ya Msumbiji. Ni pazuri mno. Lakini juu kule udongo ni mchanga, unakunywa mvua yote, mto hakuna, na shida ya maji ni ya miaka na miaka. Watoto wa kike walikuwa wakishuka mabondeni kungali giza, ndoo kichwani. Sitasahau ni mafaili mangapi yaliyoanza na maneno “nilikuwa nakwenda kuteka maji.”

Nieleze mambo yalivyokuwa yakienda wakati ule. Mtoto anamwambia mama yake. Mama anamwita shangazi, mtoto anarudia. Anaitwa mjomba, mtoto anarudia. Wanakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha kituoni, pale kaunta, mbele ya mtu aliyekuja kuripoti kuibiwa mbuzi. Anapewa fomu ya polisi, PF3, anapelekwa hospitali, daktari naye anataka kusikia. Baada ya hapo ndipo analetwa kwangu. Baada yangu kuna mpelelezi, mwendesha mashtaka, na mwisho hakimu. Maneno ya mtoto yakifika mahakamani yamekuwa laini kama mpini wa jembe ulioshikwa na mikono kumi, na kila mkono umeyaacha na alama yake. Na pale kizimbani, mshtakiwa asiye na wakili, yaani wengi wao, ndiye mwenyewe anayesimama kumhoji mtoto: “Wewe, si kwa mwenyekiti ulisema ilikuwa asubuhi?” Mtoto anamwangalia mama yake. Mama anaangalia chini.

Kosa langu kubwa kuliko yote halimo kwenye ukurasa ule. Limo kurasa sita mbele. Msichana mmoja mdogo alisema neno moja: “baba.” Nami nikaandika baba. Nilikuwa nimekaa Kusini mwaka wa pili, nilikwishaambiwa kwamba huku ukoo unafuata upande wa mama, kwamba mjomba ndiye mwenye kauli, kwamba mume wa mama mdogo ni baba, jirani wa rika la baba ni baba, na mgeni aliyelala nyumbani mwezi mzima naye ni baba. Nilijua yote hayo kama ninavyojua majina ya mito ya Ulaya. Sikumwuliza, “Baba yupi?” Maneno mawili tu. Mzazi wake akakaa ndani wiki tano, tena mwezi wa Oktoba, korosho zinaanguka hakuna wa kuziokota. Tulipokuja kuelewa kwamba mtoto alimaanisha mume wa mama yake mdogo, yule mtu alikwishavuka Ruvuma. Baba wa mtoto alitoka, akapita mbele ya ofisi yangu, hakunisalimia. Hakunisalimia tena mpaka nilipoondoka wilayani. Sikumlaumu.

Halafu kuna habari ya tarehe. Hati ya mashtaka inataka siku, mwezi na mwaka. Mtoto wa Kitangari au Lulindi hana kalenda kichwani, ana misimu. Atakwambia ilikuwa wakati wa mabibo, au siku kaka zake walipotoka jandoni, au siku ya kwanza ya mnada. Hizo ni tarehe nzuri kabisa ukijua kuzisoma. Sisi tulikuwa tunazivunja: “Kwa hiyo ilikuwa Novemba? Tarehe kumi hivi?” Ndiyo. Basi tunaandika tarehe 10 Novemba, mama anakuja mahakamani kusema ilikuwa Desemba, na shauri linaanza kuvuja kama debe la kutu.

Sheria, kusema kweli, ilitutangulia. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na maisha kwa aliyembaka msichana chini ya miaka kumi. Ikaruhusu pia mahakama imtie mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ilimradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli, na aandike kwa nini ameridhika. Kabla ya hapo, mtoto asiyeapa alihitaji ushahidi wa kumwunga mkono, na nani anaunga mkono jambo lililofanyika kwenye mikorosho hakuna mtu? Ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009. Ikaja marekebisho ya Sheria ya Ushahidi mwaka 2016. Zamani hakimu alitakiwa kumpima kwanza mtoto wa miaka 14 na chini yake kama anaelewa maana ya kiapo na kama ana akili za kutosha, na rufaa nyingi zilishinda kwa sababu kipimo kile hakikufanywa sawasawa. Tangu 2016 mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi tu kusema kweli, si uongo. Unaweza kudhani mambo yamekuwa mepesi. Wapi! Mahakimu wengine waliandika “mtoto ameahidi” bila kuonyesha waliuliza nini mpaka akaahidi, ushahidi ukafutwa kwenye rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Bukoba, ikalazimika kueleza kama mwalimu wa darasa la kwanza: mwulizeni umri wake, dini yake, kama anaelewa kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Maswali mepesi. Ndiyo yaliyotushinda.

Mimi nilifundishwa kuuliza mwaka 2012, baada ya miaka kumi na tisa ya kuuliza. Mwaka uliotangulia ulikuwa umetangazwa utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nchi ilishtuka, na semina zikaanza. Ya kwetu ilikuwa Mtwara mjini, siku tatu. Nilikwenda, niseme ukweli, kwa ajili ya posho.

Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini. Hakufungua kabrasha. Alitupanga wawili wawili akasema: mmoja amweleze mwenzake alivyoamka leo, mwulizaji haruhusiwi kuuliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Nikaona mchezo wa watoto. Swali langu la kwanza lilikuwa zuri: “Nieleze asubuhi yako.” Mwenzangu, askari wa kike kutoka Newala, akasema aliamka, akaoga, akatoka. La pili nikauliza: “Ukanywa chai?” Yule mama akanisimamia. “Chai imetoka wapi? Nani ameitaja chai?” Ukumbi ukacheka. Mwenzangu alikuwa amefunga.

Nikaduwaa pale. Miaka kumi na tisa nilikuwa ninawanywesha watoto chai ambayo hawakuinywa.

Siku ya pili akatupa utaratibu. Unaanza kwa kumpa mtoto ruhusa: hujui, sema sijui, nikikosea, nisahihishe, sitakasirika. Na unamjaribu: “Nikisema wewe una miaka thelathini, utaniambiaje?” Mtoto akicheka na kusema “siyo, nina minane,” umeshavunja ile adabu ya kuitikia. Kisha unamwacha asimulie jambo lisilo na uchungu, Idi iliyopita au Krismasi, azoee kwamba hapa yeye ndiye msemaji. Ndipo unasema: “Nieleze kilichokuleta hapa.” Akitua, unasema “halafu?” Akitaja mlango, unasema “umetaja mlango, nieleze zaidi habari za mlango.” Na katikati ya hayo unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, hasa kwetu watu wa ofisini.

Utaratibu huo haukutoka hewani. Ulitungwa na watafiti waliokuwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya mtoto kule Marekani, Michael Lamb na wenzake, wakaujaribu kwa wapelelezi wa watoto Israeli na kwingineko. Marekani yenyewe ilikuwa imeungua kwanza. Mwaka 1983 ilizuka tuhuma kwenye shule ya awali ya McMartin, California; mamia ya watoto wakahojiwa kwa maswali ya kuongoza, wakisifiwa wakikubali na kubanwa wakikataa, mpaka wakaanza kusimulia mambo yasiyowezekana. Kesi iliisha mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Hapo kama kuna mtoto aliyefanyiwa kweli, alizama na wengine wote. Niliposikia hayo nilipata faraja ya kijinga, kwamba hata wenye fedha na kamera wamewahi kuwalisha watoto maneno.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni jingine. Lamb na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba hata mhojaji aliyefundishwa vizuri, akiacha kupitiwa kazi yake na kuambiwa makosa yake, haraka anarudi kwenye mazoea yake. Stadi hii inachakaa. Semina ya siku tatu ni kama kumwagilia mkorosho mara moja na kusubiri bibo.

Mtoto wa kwanza niliyemhoji baada ya semina alikuwa na miaka minane, Masasi. Tulikaa nje ya ofisi chini ya mwembe, mama yake mbali kidogo, anaonekana lakini hasikii. Nilimwuliza habari za mchezo wa rede. Akanieleza rede kwa dakika nyingi. Kisha nikasema lile neno, nieleze kilichokuleta. Akanyamaza. Kuku akapita na vifaranga, tukawaangalia wote. Kalamu niliilaza mapajani ili isinitie vishawishi. Mwisho akasema, “Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.” Sikuelewa. Nikasema, “Nieleze habari za redio.” Akaanza hapo, kwenye redio, na yote yakaja nyuma yake kama kamba inayotolewa kisimani. Alisema “baba,” nikauliza baba yupi. Akasema yule anayeuza mafuta ya taa. Alisema “tabia mbaya,” nikasema mimi sijui tabia mbaya ya huko ikoje, nifafanulie kwa maneno yako. Akafafanua kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Matangazo ya vifo yana saa yake, kila mtu aliyekuwa na redio anaijua, na saa ile ndiyo iliyomnasa mshtakiwa aliyesema alikuwa mnadani. Hakuna mtu mzima ambaye angemlisha mtoto habari ya redio. Hakuna ambaye angeiwaza.

Hiyo “tabia mbaya” ilinipeleka baadaye kwa nyakanga mmoja wa Newala. Nilikuwa nimekwishaona kwamba wasichana waliotoka unyagoni wana msamiati wao, na miiko yao juu ya nani anaambiwa nini. Wengine tuliwashutumu makungwi kwa kila kitu, na yapo ya kushutumu. Lakini bibi yule alinifundisha katika alasiri moja, akimenya muhogo, maneno ambayo sikuyapata katika chuo chochote: maneno ya Kimakonde ya staha na ya matusi, lipi mtoto atalisema mbele ya mwanamke, lipi hatalisema kabisa mbele ya mjomba wake. Mahakama ya Rufani nayo imekubali katika hukumu kadhaa kwamba watu wetu hulitaja tendo lile kwa mafumbo ya staha, na kwamba fumbo hilo lisichukuliwe kuwa ni upungufu wa ushahidi. Ila fumbo lazima mtu alifumbue, na mara nyingi mkalimani wetu alikuwa ni shangazi aliyekuja na mtoto, anayetafsiri na kuyapamba humo humo.

Sasa hivi, nikitembelea kule, naona mengi ambayo hatukuwa nayo. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto, lililoasisiwa na mtandao wa polisi wanawake. Kuna namba 116 ambayo mtoto au jirani anaipiga bila malipo. Kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi kijijini, zilizokuja na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18. Mahali pengine kuna kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wanakaa chini ya paa moja ili mtoto asimulie mara moja. Nafurahi. Lakini nimeketi na vijana wa dawati, wa kike na wa kiume, wakaniambia mambo ninayoyafahamu. Aliyefundishwa kuhoji amehamishwa Kigoma mwaka huu huu. Aliyekuja badala yake alikuwa trafiki. Chumba cha mtoto ni stoo iliyopakwa rangi, ukuta wake haufiki juu, upande wa pili wanaandikisha wezi wa pikipiki. Hakuna anayesoma mahojiano yao baada ya kuyaandika na kusema hapa umeongoza, hapa ulipaswa kunyamaza. Na familia bado zinakuja wiki ya pili kusema wameyamaliza nyumbani: mjomba ameketi, fedha ya korosho imetoka, funika kombe mwanaharamu apite. Kifungo cha miaka 30 ni kitu kinachotisha. Wengine hulipa haraka kwa sababu hiyo, na wengine, wakiwa ndani ya kamati zenyewe, husaidia kupanga bei.

Mmoja wa wale vijana, binti mwenye sauti ya chini kama yule mwezeshaji, aliniuliza: “Mama, wewe ulijifunzaje?” Nikamwambia, kwa kukosea watoto wa watu. Akacheka akidhani ni utani.

Basi daftari nimelichukua, nimekata majina yote kwa wembe, ya watoto na ya wakubwa, na majina ya vijiji pia, nikalifunga kwa gazeti na kumpelekea kwa basi. Amenipigia kwamba limefika na kwamba Ijumaa mchana, kazi ikipungua, wanasoma ukurasa mmoja pamoja, mmoja anakuwa mimi na mwingine anakuwa mtoto, na kila ninapolisha maneno wanagonga meza. Ukurasa wa kwanza waligonga mara ishirini na saba.

Wakubwa wanaosaini barua za uhamisho, nina ombi moja kwenu: binti huyo mwacheni hapo angalau miaka mitano.